Dole Gumba la Mama Pasi

Mama Pasi alipiga pasi mashuka ya hoteli tangu enzi zile ambazo maagizo yalipigiwa kelele dirishani. Unatoa kichwa, unaita, anayesikia anaitika, mambo yanakwenda. Halafu akaja meneja mpya na kundi lake la kazi la kwenye simu. Kelele basi, akasema. Mwenye shida aandike kundini, na atakayeichukua ile kazi apige dole gumba chini ya ujumbe, ili wengine wasihangaike.

Mama Pasi na simu walikuwa kama mtu na mkwewe, wanaheshimiana kwa mbali. Aliyewasogeza karibu ni Povu, baba wa watu, mfuaji wa upande wa mashine. Wakati wa chai alikaa naye akamfundisha kufungua kundi, kupiga dole, na hata kulitoa kama kidole kimeteleza.

Ikawa balaa. Taa imeungua, Mama Pasi dole. Mpishi kafiwa, dole. Meneja akamsifu kikaoni kwamba anaongoza kwa ushirikiano, na tangu hapo hata kusoma akaacha. Watu walicheka tu.

Mpaka siku Povu alipoitwa shuleni, mwanawe kaanguka. Akaandika mbiombio kundini: mashuka meupe yako kwenye dawa ya kung'arisha, mtu ayatoe baada ya nusu saa, yakizidi yataoza. Mama Pasi alisikia simu ikilia, akapiga dole, akaendelea na foronya zake. Wengine walipoona dole wakajua kazi imeshapata mwenyewe. Jioni mashuka yalitoka yakichanika kama karatasi iliyolowa.

Hapo ndipo alipousoma ule ujumbe kwa mara ya kwanza. Alijiambia anautazama tu. Kidole kikaenda palepale, dole likafutika.

Asubuhi meneja aliwaka. Povu akajitetea kwamba aliacha ujumbe, na mtu alipiga dole. Meneja akafungua simu yake: haya, dole liko wapi? Wenzake wakaikodolea sakafu macho. Waliliona, ila nani ataapia dole ambalo halipo? La nani, akaulizwa. Povu akamtupia Mama Pasi jicho, kidogo tu, akasema hakuangalia. Basi akaambiwa amalize wiki, arudishe sare.

Wiki gani ile. Mama Pasi aliunguza foronya, yeye ambaye angeweza kupiga pasi huku anasinzia. Na Povu, kama makusudi, alimwamkia vilevile, akamletea kikombe chake cha chai vilevile. Bora angemtukana, wakamalizana. Nyumbani binti yake alimuuliza anaumwa wapi, akasema mgongo. Mgongo wa watu ukasingiziwa bure.

Siku ya mwisho Povu alikuwa anakunja sare zake juu ya meza ya pasi, shati kwanza, suruali juu yake. Mama Pasi akatoa simu, akapandisha jumbe moja moja mpaka akaufikia ule wa mashuka, akapiga dole upya. Simu ya Povu ikalia mfukoni. Akaitazama, kisha akamtazama yeye.

"Lilikuwa langu," Mama Pasi akasema. "Na nililitoa mwenyewe."

"Najua, mama. Siku ile simu iliniambia."

"Ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Si mimi niliyekufundisha kulitoa?"

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomchoma. Mama Pasi akajifuta uso kwa aproni, akashika simu kwa mikono miwili kama sahani ya moto, akaelekea ofisini kwa meneja kabla miguu haijabadilisha mawazo. Mlangoni akageuka.

"Nizimie pasi, baba. Sijui kama nitarudi kwenye meza hiyo."

Povu hakunyanyua dole. Aliitika kwa mdomo, akaenda akaizima.