Excel ya Zamani Kule Batha

Ofisi yetu iko Jeddah, na kazi yangu ni kupanga safari za madereva, wengi wao Wakenya kama mimi. Ratiba iko kwenye Excel ya zamani ambayo bosi hataki kuibadilisha. "Inafanya kazi," husema, "mbona niiguse?" Nilikuwa nimejifundisha Python, lugha ya kuandikia programu, basi nikaandika programu ndogo ya kuiendesha hiyo Excel: inaifungua, inajaza safari za kesho, inahifadhi, inaifunga. Hapa Jeddah ilikubali. Nikajisifu mapema mno.

"Yalla," bosi akasema, "nenda ukaiweke Riyadh pia."

Tawi la Riyadh liko mtaa wa Batha, juu ya duka la mablanketi. Mwenye kompyuta ni mhasibu mzee, Msudani mpole, aliyezoea kujaza ratiba kwa mkono. Nilianzisha programu mbele yake. Ikakwama. Haikuonyesha kosa lolote, ilinyamaza tu. Nikaikatiza, nikaanza tena. Sasa ikadai faili limeshikwa na mtu mwingine. Mtu gani? Kumbe ni ile Excel ya kwanza, imebaki ndani ya kompyuta, haionekani wala haifi. Nikazima kompyuta, nikawasha. Mambo yakawa yaleyale.

Mzee alienda kuswali adhuhuri, akarudi, akanikuta nimeandika upya karibu nusu ya programu na kichwa kinaniwanga. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliiamuru Excel ifanye kazi imejificha. Nikaiamuru ijitokeze. Hapohapo nikaona dirisha dogo la Kiarabu katikati ya skrini. Mzee akanisomea: ilikuwa inauliza kama ivute taarifa kutoka faili jingine. Asubuhi nzima ilikuwa inangoja jibu la swali ambalo hakuna aliyeliona.

Nikaifundisha isiulize. Ratiba ikaanza kujijaza, mstari baada ya mstari, nami nikashusha pumzi. Mzee akanyoosha mkono, akabofya mara mbili kwenye jina la dereva mmoja. Programu ikaanguka. Excel hiyo, mtu akiwa anaandika ndani yake, haipokei amri kutoka nje.

"Mzee, usiguse!"

"Lakini jina limekosewa."

"Acha likosewe!"

Akaurudisha mkono polepole. Niliona aibu, nikamwomba radhi.

"Mafi mushkila, hakuna shida, mwanangu," akasema, akaenda kupika chai. Alipokuwa jikoni niliianzisha tena programu, ikafika mwisho kwa mara ya kwanza.

Nikampigia bosi nimwombe Excel mpya.

"Imefanya kazi?"

"Imefanya, lakini—"

"Halas, basi." Akakata simu.

Nikaandika onyo kwa Kiarabu changu kibovu, nikalibandika kando ya skrini: mtu asiguse mpaka imalize. Mzee akanisahihishia herufi, akaahidi kutii. Nilirudi Jeddah na hasira zangu. Madereva wakaniuliza Riyadh siku hizi ikoje. Nikawaambia nilichoona ni skrini moja tu, juu ya duka la mablanketi.