Picha Iliyochuja

Juzi, katika kuzurura kwangu, nilisimama Mwandiga kwenye kibanda cha kusafisha picha. Fundi aliimwagia maji picha ya bibi harusi, akaipangusa kwa kiganja. "Ona mwenyewe, dada. Haichuji!"

Nikaikumbuka picha ya baba, ile pekee tuliyokuwa nayo. Mama aliitoa kwenye simu pale Ujiji, kwa karatasi ya kawaida iliyokuwa rahisi, akaibandika ukutani karibu na jiko. Watu walisema ziwa limemchukua baba, nami, mtoto mdogo, nikadhani litamrudisha likimchoka.

Mchana mmoja niliona uso wake umeingia masizi ya kukaanga samaki aina ya migebuka. Nikachukua kitambaa na sabuni ya kufulia, nikamsugua taratibu. Wino ulichuruzika, bluu kwanza, kisha mwekundu, hadi karatasi ikabaki tupu.

Mama aliporudi nilijikunyata nikingoja fimbo. Alisimama mbele ya ukuta, kisha akanivuta kifuani kwake, khanga yake ikinuka dagaa.

"Usilie, mwanangu. Mwili wa baba yako hatukuupata tukauosha. Leo umemuosha wewe."

Nikatoka mbio kwenda kucheza, nikijua nimesifiwa.