Hukumu Niliyoiandika Kabla ya Kufika Shambani

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka hata harufu yake ya salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa mikorosho. Nilikuwa katibu wa baraza la usuluhishi katika kijiji kimoja nje ya mji wa Mtwara, kijana msomi mwenye mwandiko wa kujivunia. Bi Somoe alilalamika kwamba machipukizi ya mikorosho yake yamekauka kama yaliyounguzwa, na kwamba jirani yake, Mzee Chande, ndiye aliyeyamwagia sumu. Mashahidi watatu walisema alionekana katika shamba la Bi Somoe alfajiri akiwa na debe. Chande alijibu kwamba hata yake yanakauka. Niliona anajitetea tu, sikuyaandika maneno yake. Badala yake niliandika hukumu: Bi Somoe avune mikorosho ya Chande kwa misimu mitatu.

Mwenyekiti wetu, Bi Fatu, mkulima wa mihogo asiyejua kusoma, alitaka nimsomee kwanza. Nikasoma.

“Katibu, mikorosho yenyewe umeiona?”

“Hapana, bibi. Lakini mashahidi ni watatu.”

“Haya, waulize nani aliona na nani alisimuliwa.”

Wawili walikuwa wamesimuliwa na yule wa tatu. Naye wa tatu alimwona mtu mwenye debe, kwa mbali, kabla hakujapambazuka vizuri.

Bi Fatu alijifunga kanga kiunoni akatuongoza sote hadi shambani kwa Chande, ambako hakuna hata mmoja wetu wa baraza aliyekuwa amefika. Machipukizi yake yalikuwa meusi kuliko ya mlalamikaji. Mtaalamu aliyeitwa kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele alitufunulia mdudu mwembamba anayefyonza machipukizi, asiyejali mipaka ya mashamba.

Bi Somoe alimshika Chande mkono, akamtaka radhi. Mimi nilimshukuru Mola: karatasi ilikuwa bado mfukoni mwangu, haijapigwa muhuri. Chande aliiomba, akaitazama.

“Mwandiko mzuri, katibu. Nusura unimalize nao.”

Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaichana.

Mwanangu, utakapopewa kumhukumu mwenzako, usihesabu midomo. Uliza ni macho mangapi yaliyoona. Andika na utetezi usiokupendeza. Hata ukishajiridhisha, kubali kusahihishwa, kwa kuwa wewe nawe ni binadamu. Mola akupe uadilifu na subira. Na siku utakapokosea, akujalie karatasi iwe ingali mfukoni mwako.