Mashine Zilizookoka Kila Asubuhi

Programu ile imestaafu siku nyingi, na sijaona wa kuilia. Miaka ya tisini, katika chuo kidogo mjini Kericho, nilikuwa mtunzaji wa kompyuta nane, na programu hiyo ndiyo iliyonipa usingizi. Kila mashine ikizimwa na kuwashwa, ilifuta chochote wanafunzi walichoongeza. Michezo ya karata, virusi, barua za mapenzi, vyote kwaheri. Mkuu wa chuo, mzee wa kanisa na mfugaji wa ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa wenye asili ya Uzungu, alitangaza kwamba kompyuta zetu zimeokoka. Nikamwambia zinaokoka kila asubuhi, kuwashinda wazee wengine. Hakucheka.

Kwa vile aliogopa maambukizi kama mfugaji yeyote, disketi za wanafunzi alizinyang'anya mlangoni na kuzifungia kabatini, kama ndama waliotoka soko lenye ugonjwa. Hatukuona shida. Wanafunzi walifanya mazoezi ya kupiga chapa tu, na hayo nani angeyalilia?

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Longisa, aliyekamua ng'ombe kwanza ndipo aje darasani. Alitakiwa kupiga chapa ripoti ya kurasa ishirini kwa mtihani, mwisho Ijumaa. Bila ripoti hakuna cheti, na bila cheti ile kazi ya ofisini aliyoahidiwa ingempita. Jumatano alasiri alikuwa ukurasa wa kumi na moja wa kazi aliyoianza asubuhi hiyo kwenye mashine namba sita, radi ikanguruma. Kericho radi ikinguruma, kila mtu huzima kila kitu. Nilikimbilia swichi kubwa kama kawaida yangu, bila kufikiri.

Mvua ya mawe ikapita. Nikawasha.

"Mwalimu, kazi yangu iko wapi?"

"Mashine imejisafisha, mama."

"Imejisafisha na kazi yangu?"

Hakulia. Alitazama tu vidole vyake. Niliona haya, maana programu ile nilikuwa nimejisifia mji mzima.

Kesho yake, mkuu alipopeleka ng'ombe dipu kuogeshwa dawa ya kupe, niliing'oa programu kwenye namba sita, nikafungua kabati na kumrudishia mama disketi yake. Alianza upya ukurasa wa kwanza, na kila ukurasa alioumaliza aliuweka kwenye disketi. Ijumaa saa sita, ripoti ilikuwa imechapishwa.

Jumatatu mkuu akakuta mchezo wa karata kwenye namba sita. "Hii mashine imerudi nyuma! Nani ameiharibu?"

"Ni mimi, mzee."

Alinipa adhabu ya kufagia darasa muhula mzima, nami nikafagia nikipiga mluzi.

Cheti kilipotoka, yule mama alikuja amevaa viatu vya ofisini, mkononi kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha.

"Kunywa yote leo, Mwalimu," akasema. "Kesho usikuje kuniambia imejisafisha."