Rangi ya Asali

Mwanamwema binti Saidi hakuwahi kumdanganya mteja. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Karatu wapo wanaosimulia kinyume, na wengi wao hawakukalia kiti chake hata siku moja. Mimi niliweka cherehani yangu barazani kwake miaka tisa, na mlango wake haukufungwa mchana. Nilisikia kila neno.

Aliletwa kutoka Kondoa na mumewe mwenye duka. Mume akafa, duka likafilisika, akabaki na chumba cha mbele, kioo kirefu na viti viwili. Humo akafungua saluni. Alisuka, alinyoosha nywele kwa kitana cha moto, na kwa wachache waliotaka alibadili rangi. Dawa ya kuondoa weusi aliletewa kutoka Arusha katika chupa za kahawia. Wasichana waliofanya kazi kwenye hoteli za juu, ukingoni mwa kreta wanakokwenda watalii kutazama wanyama, walikuja na kurasa za magazeti yaliyoachwa na wageni. Mzungu anacheka, nywele zimemwagika mabegani kama ngano iliyoiva. Wanaweka kidole juu ya picha na kusema, nataka hizi.

Mwanamwema aliwajibu kwa mambo ya jikoni, ambayo kila mtu anayajua. "Mwanangu, nywele zako ni masizi. Leo nikikupaka zitakuwa chai ya rangi. Wiki ijayo, chai ya maziwa. Wiki ya tatu, Mungu akipenda, asali. Kupita asali sikufikishi, zitakatika." Kisha alikata kishungi kidogo kisogoni, akakijaribu kwenye kisosi huku mteja akitazama. Wengi walinuna. Lakini waliovumilia hadi wiki ya tatu walisimama mbele ya kioo muda mrefu wakijigeuzageuza, na mimi nikawagombeza kwa kunizibia mwanga.

Bibiana alikuja mwezi wa tatu, mwaka sabini na tisa. Alikuwa msafisha vyumba katika hoteli moja huko juu; kwao ni kijijini Buger. Baba alikwisha kufa. Kaka yake wa pekee, Damiano, alikuwa vitani Uganda, na tangu Krismasi hawakuwa wamepata barua. Mama yao alikuwa mtu wa kusubiri tu. Alimuuliza kila aliyepita njiani kuhusu mwanawe, hata wauza mbuzi.

Bibiana alileta ukurasa wake wa gazeti, akataka asali siku hiyohiyo. Ignas, dereva wa wageni, alikuwa amemwahidi kuwa Jumamosi angempeleka kumtambulisha kwa wazazi wake, na mjinga yule alikuwa na tabia ya kusifia nywele za Wazungu mbele ya binti wa watu. Mwanamwema akakataa. Bibiana hakubishana. Alikaa akalia kimyakimya, akasema, "Shangazi, mwaka huu sijapata hata kitu kimoja nilichoomba." Nikaona uso wa Mwanamwema unalegea. Mimi ningemtoa nje. Lakini huo ulegevu wake ndio uliofanya nimpende, kwa hiyo sina haki ya kumlaumu.

Alipaka, akaosha, nywele zikatoka nyekundu kama kutu. Akapaka tena. Alipopitisha kitana, nywele zikaja nacho, shungi baada ya shungi, na ngozi ikaanza kuvimba. Hapakuwa na cha kuokoa. Alichukua wembe akamnyoa polepole hadi kichwa kikang'aa, akimwomba radhi muda wote. Nikampa kitambaa changu ajifunge.

Sisi wawili tulijua kwamba mtu hunyolewa akifiwa, ila hatukufikiri. Mjini shule zinanyoa, hospitali zinanyoa, kipara si habari. Kwao Buger mwanamke mzima mwenye nywele zake hapitishwi wembe ovyo.

Bibiana aliona haya kurudi hotelini, akaenda nyumbani. Njiani ngozi ilimuwasha kwa ile dawa, akavua kitambaa. Mama yake alikuwa anapalilia mahindi. Akamwona binti anapanda mteremko, kichwa kitupu, machozi yanamtoka. Akaweka jembe chini, akakaa kwenye udongo, akataja jina la Damiano.

"Aayo, ni dawa ya nywele," Bibiana akamwambia mama yake, akaapa kwa Bikira Maria. Mama akamjibu kwa upole kwamba anajua watu wamemtuma amfiche habari za kifo. Tangu hapo akaacha kula, ila kwa kubembelezwa. Wapita njia hakuwauliza tena kitu.

Bibiana aliporudi kutuambia hayo, Mwanamwema alifunga saluni. Akabeba chupa, kisosi na ule ukurasa wa gazeti. Nikaenda naye, kwa lori kisha kwa miguu. Mama yule alitupokea vizuri, akatupa uji. Mwanamwema akaeleza yote, Bibiana akitafsiri kwa Kiiraqw. Akakata shungi la nywele zake mwenyewe, akalichovya kwenye kisosi, na mama akalitazama kwa subira likigeuka rangi. Kisha akamshika Mwanamwema mikono yote miwili, akasema maneno mengi. Bibiana hakutaka kuyatafsiri. Tulimlazimisha.

"Anasema asante kwa kuja kumpa pole. Anasema kama mwanawe angekuwa hai, wanawake wa mjini wasingetembea njia yote hii."

Nililia hadi barabara kuu. Mwanamwema hakulia, na hilo lilinitisha zaidi. Ignas hakuonekana Jumamosi ile wala nyingine yoyote.

Mama Damiano alizikwa mwezi wa sita. Mwezi wa nane kijana mrefu mwenye koti la jeshi alisimama mlangoni kwetu, nywele zimemjaa kichwani. Mwanamwema wakati huo alikuwa anasuka tu, dawa zote alikwisha kuzimwaga. Nilishika mkasi wangu, nikidhani amekuja kwa ugomvi.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Damiano."

Kijana akaingia, akakaa kwenye kiti.

"Ndugu zangu walishanyoa, matanga yamekwisha," alisema. "Mimi sikuwepo. Bibiana amenieleza yote. Ninyoe wewe."

Nikamletea wembe, maana Mwanamwema alikuwa amesimama tu. Akaanza kwenye paji la uso. Nywele nyeusi zikadondoka juu ya koti. Walipofika katikati, Damiano akauliza, bila kuinua kichwa, "Ulipokwenda kwake, alikuwa anakula?"

"Alitupa sisi uji," Mwanamwema akasema. "Yeye hakunywa."

Damiano akaitikia kwa kichwa, Mwanamwema akamshika kidevu asije akamkata, akaendelea kunyoa.