Glasi za Orysia

Mke wangu Orysia aliosha glasi za maabara hapa Winnipeg miaka thelathini na mmoja. Mimi sikusoma. Kazi ya maabara niliijua kwake, mezani, tukinywa supu ya bitiruti.

Kuna bakteria, alisema, wana mikia ya kuogelea. Daktari Pelletier aliikata mikia hiyo, akaitia peke yake kwenye seli nyeupe za damu ya mtu. Seli zikaijua, zikaanza kuita homa, kana kwamba adui mzima kaingia.

"Kwa mkia tu?"

"Mkia tu. Wewe ukisikia viatu vya mama yangu mlangoni, unangoja umwone ndipo unune?"

Damu tulitoa sisi jamaa wa wafanyakazi, kwa zamu. Nilipenda zamu yangu. Orysia alipanda kutoka chumba cha kuoshea huko chini, tukala donati moja wawili, aproni yake ikinukia joto la tanuri la glasi.

Msimu mmoja wa baridi, seli zikawaka hata kwenye kisahani kisichotiwa mkia. Wakarudia mara mbili, vilevile. Daktari akashuka chumba cha kuoshea.

"Mama Orysia, glasi zako zina uchafu."

"Zangu? Nazichoma tanurini hadi asubuhi, daktari. Lamba ukitaka."

Akaambiwa kuanzia Jumatatu atafagia korido. Alirudi nyumbani akaketi na koti lake, mikono iliyochubuka kwa sabuni juu ya meza.

"Damu ilikuwa ya nani?" nikauliza.

"Yako, mzee wangu. Kwani?"

Nikapanua mdomo. Jino lilikuwa na usaha wiki ya pili. Muuguzi aliniuliza kama naumwa, nikasema hapana, nisikose zamu.

Akachungulia. "Wasyl! Seli zako zimefika kazini zimeshakasirika!"

Kesho yake nilikwenda kwa daktari mwenyewe, shavu limevimba, nikakiri habari ya jino. Wakachukua damu ya mtu mwingine, glasi zilezile. Kisahani kile kikanyamaza. Daktari akashuka kuomba radhi. Orysia akampa taulo: "Kausha basi, maadamu umefika."

Mimi hakunisemesha wiki nzima. Lakini jino lilipong'olewa, supu aliiponda laini, bila kuambiwa.

Sasa napika mwenyewe. Kila jioni naosha bilauri mbili. Moja haijatumika tangu Machi.