Darasa la Bure la Nengo

Kampire alikuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Ukimwambia kitambaa ni pamba tupu, atachomoa uzi mmoja auwashe kwa kiberiti, asikilizie harufu yake kwanza ndipo akujibu. Wanawake walioshona naye nyuma ya soko la Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, walimpa jina la Douane, yaani forodha, kwa sababu hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kukaguliwa. Alicheka nao, lakini hakubadilika.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa msichana huko Masisi, upande wa Kongo, kabla ya ukoo wao kurudi Rwanda, alifika nyumbani kwao mama mmoja mwenye maneno laini, akamwambia baba yake kwamba Goma kuna shule inayofundisha wasichana uuguzi. Kampire akafungasha nguo zake, akaenda kwa furaha. Shule hakuiona. Alichoona ni jiko la yule mama, sufuria zake na nepi za watoto wake, mpaka mjomba alipomkuta sokoni kwa bahati akamrudisha nyumbani. Tangu hapo, mtu asiyemjua akitaja masomo, Kampire alimtazama kwanza mikono, halafu viatu, na mwisho kabisa macho.

Sasa alikuwa na binti, Nishimwe, aliyekuwa anamaliza mwaka wa tatu wa sekondari, ule mwaka ambao mtoto hutakiwa kuchagua njia: sayansi na hisabati, au lugha, au ufundi. Nishimwe alitaka sayansi. Tatizo ni kwamba shule yake ya kutwa ilifundisha fizikia na kemia kwa chaki tu. Vyombo vya maabara watoto walivijua kwa picha.

Siku moja mwalimu wao wa sayansi, Védaste, alikuja kibandani kwa Kampire. Alikuwa mrefu, mwembamba, amekulia Karagwe, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania, kilichonyooka kama rula. Alieleza kwamba kumefunguliwa kozi ya sayansi Nengo, mtaa wa mlimani hapo Gisenyi, ya wanafunzi wa sekondari, siku za likizo: fizikia, kemia, biolojia, na vyombo vya kushika kwa mkono. Hakuna malipo. Kuna bwana mmoja, Jean-Luc, mwenye shirika lake, amekodi nyumba na kununua vifaa.

Kampire aliendelea kukanyaga cherehani. Aliuliza kwa nini ni bure. Védaste akasema hata yeye alijiuliza, lakini vifaa amevigusa na ni vya kweli. Alipokuwa anasema hayo alitazama chini, na hilo Kampire hakulipenda hata kidogo. Jioni alimwambia mumewe Aloys kwamba yule mwalimu anaficha kitu. Aloys alikuwa fundi wa matofali, kila siku anavuka mpaka kwenda kujenga Goma na kurudi, na maneno kwake yalikuwa machache. Alisema mtoto asome. Kampire akakubali, lakini kwa shingo upande.

Wiki hazikupita nyingi, Nishimwe akaanza kurudi na vidole vyenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni. Alikuwa mchangamfu kupita kawaida, na alipoulizwa wanafanya nini huko alijibu kwa mkato kwamba mama hataelewa. Siku nyingine aliondoka na viazi mfukoni. Kampire aliona mambo matatu, dawa isiyojulikana, siri, na mwanamume asiyetazama watu usoni, akayaunga kama mtu anayeunga vipande vya gauni. Gauni lililotokea lilimtisha.

Akafunga kibanda, akapanda Nengo.

Nyumba ilikuwa ya zamani, yenye ukuta mrefu na bustani inayoteremka kuelekea ziwani. Mlinzi alimwambia hapa hapana shule. Kampire alimsukuma akaingia, akafuata sauti mpaka sebuleni. Huko aliwakuta watoto wamezunguka meza, na Védaste ameshika chupa ndogo katikati yao, karibu kabisa na Nishimwe.

"Prof, uko napaka mutoto yangu nini?" alisema Kampire. "Uniambie hapa, mbele ya bote. Ama mi nawaita polisi."

Maneno mengine aliyoyaongeza hayakuwa ya kusemwa mbele ya watoto. Alimwita mwalimu mtu wa gizani, mla watoto wa wenzake. Nishimwe alijifunika uso. Védaste hakubishana. Alichukua kipande cha kiazi kilichokatwa, akadondosha tone la ile dawa ya kahawia, akakisukuma taratibu upande wa Kampire. Weupe wa kiazi ukageuka bluu nzito, karibu na nyeusi.

"Ni iodini, mama," alisema. "Inaonyesha penye wanga. Wakiimwaga vibaya inabaki vidoleni."

Kampire alikitazama kiazi kile. Ni viazi vya Mudende, vile vile alivyomenya maisha yake yote. Hasira ilimtoka, ikabaki aibu.

Ndipo akatokea Jean-Luc. Alikuwa mtu mzima mwenye shati safi na sauti ya pole, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha Masisi alichokulia Kampire. Alimpa kiti na fanta baridi, akamsalimu kwa kuuliza ukoo wake, kilima chao, hata jina la parokia. Akasema mama mwenye wivu na mtoto wake ni mama mzuri, asione haya. Kampire alitoka pale amelainika. Njiani alijisema kwamba kwa mara moja ameona mtu muungwana. Usiku huo alilala vizuri, na alipoamka hakujipenda kwa jinsi alivyolala vizuri.

Likizo ilipokaribia kwisha, Jean-Luc aliita wazazi wachache Nengo. Alikuwapo Kampire, na Pascasie, jirani yake anayeuza nyanya upande wa Goma, mama yake Uwase, msichana anayesoma kozi na Nishimwe. Jean-Luc aliwapa habari kubwa: wasichana watatu wamechaguliwa kwenda kusoma sayansi katika shule ya bweni Nairobi, kila kitu kimelipwa. Nishimwe yumo, Uwase yumo, na Belise, yatima anayelelewa na nyanya yake huko Nyakiriba. Akawaomba wasitangaze, maana watu wana husuda. Pasi za kusafiria atazishughulikia yeye na atazitunza yeye, zisipotee. Wasichana watavuka kwanza Goma, wakakae kwa dada yake, halafu wataendelea na safari.

Pascasie alilia kwa furaha. Kampire alibaki akiyapima yale majina matatu.

Hakuona uovu wowote usoni mwa Jean-Luc. Uso ulikuwa wa upole kama siku ile ya fanta. Lililomkwaza lilikuwa dogo. Kwa wiki hizo Nishimwe nyumbani hakuacha kumtaja Habineza, kijana wa kwanza katika fizikia na kemia, na alicheka kwamba Uwase huja kozi kwa ajili ya bustani, kwani hesabu zinamshinda kabisa. Kampire akanyoosha mkono.

"Bon, papa Jean-Luc, mi nauliza tu. Ni masomo ya sayansi. Juu ya nini ule wa kwanza anabakia, na ule hesabu inamushinda anaenda?"

Pascasie alimgeukia kama aliyechomwa sindano. Jean-Luc alitabasamu, akasema wafadhili wanapenda kuinua wasichana. Jibu lilikuwa zuri, na Kampire aliona ni zuri. Akauliza tena: mtu wa kwenda Nairobi hupanda basi la Kigali, Goma wanaenda kutafuta nini? Jean-Luc akasema mambo ya karatasi. Akauliza jina la shule. Jean-Luc akasema atawaletea. Tabasamu halikuondoka, lakini aliitazama saa yake.

Nje, Pascasie alimshika Kampire mkono na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba shaka zake zisiwe jela ya watoto wa wengine. Kampire aliutoa mkono wake akateremka. Hakuwa na hakika. Pengine kweli alikuwa tu mwanamke aliyeumwa na nyoka, sasa anaogopa kamba.

Alikwenda kwa mtu mmoja tu aliyeweza kumjibu, naye ni yule yule ambaye yeye mwenyewe alimtukana. Alimkuta Védaste kwake, anaanua nguo. Kampire hakuomba radhi vizuri; alisema siku ile alisema mengi, basi yaishe. Kisha akamuuliza aliwachaguaje wasichana wa Nairobi.

Védaste aliziweka nguo chini. Hakuwa amesikia habari za Nairobi.

"Mimi ndiye ninayewafundisha," alisema polepole. "Sijaulizwa alama za mtoto hata mmoja. Sijaulizwa chochote, isipokuwa nani hana baba, na nani ana ndugu Goma. Nilidhani anataka kuwasaidia."

Walitazamana. Kampire aliona kwamba tangu mwanzo mwanamume huyu alitazama chini kwa sababu alikuwa na shaka kama yake, ila alikuwa ameitamani mno ile meza yenye vyombo hata akaifumbia macho shaka yake.

Walikwenda polisi pamoja siku iyo hiyo. Walisikilizwa, wakaulizwa, wakarudishwa Nengo na askari wawili. Mlinzi alikuwa peke yake. Bwana amesafiri, alisema, hakusema wapi. Simu yake haikupatikana siku hiyo wala baadaye. Sebuleni kulibaki chupa, mirija ya vioo na viazi vilivyoanza kuchipua. Pasi za wasichana zilikuwa bado hazijaombwa. Shirika lile, walipofuatilia, halikujulikana popote.

Hakuna aliyewahi kusema kwa hakika Jean-Luc alikuwa nani. Askari waliwaambia wazazi washukuru. Nyanya yake Belise alishukuru, akaleta maharagwe. Pascasie hakushukuru. Kwake, mfadhili alikimbia kwa sababu ya kelele za Douane, na Uwase wake angekuwa Nairobi sasa, amevaa sare yenye nembo. Wapo sokoni waliomwamini. Kampire mwenyewe, siku nyingine akiwa kwenye cherehani, aliwaza: na kama ilikuwa kweli? Wazo hilo hakulimaliza kamwe. Alilikata kama uzi akaendelea.

Nishimwe ndiye aliyemwadhibu zaidi. Kwa muda mrefu alimjibu mama yake kwa kichwa tu. Alilegea pale Védaste alipomwomba mkuu wa shule moja ya jirani, yenye maabara, awaruhusu watoto waingie Jumamosi. Mkuu alikubali, kwa sharti kwamba wazazi waje waone. Kampire alikuwa wa kwanza. Alifungua kabati, akasoma vibandiko vya chupa kimoja kimoja, akauliza mlango wa pili unatokea wapi. Watoto walinong'ona. Védaste alimjibu kila swali, safari hii akimtazama usoni.

Mwaka mpya wa shule ulipoanza, Nishimwe aliingia njia ya hisabati na sayansi. Habineza pia, na Belise. Uwase alichagua lugha, na ilisemekana alifurahi.

Msimu wa sare, kibanda cha Kampire kilijaa kama kawaida. Pascasie alimpelekea fundi mwingine kitambaa cha sare ya Uwase. Asubuhi moja Uwase alipita kwenda shule, akamwamkia Kampire kwa heshima. Sketi yake ilikuwa imekatwa vibaya kiunoni, upande mmoja umepanda. Kampire aliona tangu mbali. Aliitikia salamu, akamtazama msichana mpaka alipopinda kona ya shule, ndipo akarudi kwenye kazi yake.